Mwavuli Namba Nne

Jumamosi, 10 Agosti

Tumefika. Kutoka Cremona hadi bahari ya Ionio, kilomita elfu moja na ushee. Nimepotea njia mara mbili tu. Mama Ersilia, mama mkwe wangu, amezitangaza zote mbili. "Yule wa madirisha kapotea tena," alimwambia binti yangu Agnese, nami nimekaa mbele yao nimeshika usukani.

Yule wa madirisha ni mimi. Loris Bodini, fundi na muuzaji wa madirisha, miaka arobaini na sita. Nina miaka kumi na miwili tangu nimuoe binti yake, Donata, na mama huyu hajawahi kunitaja kwa jina. Hata siku ya ndoa alimwambia padri, "Bwana harusi ni huyo hapo."

Ndiyo maana siku ya Pasaka, mbele ya ukoo wao wote, nilitoa ahadi. Agosti hii Mama Ersilia ataketi mstari wa mbele ufukweni, bila kichwa cha mtu kumziba bahari. Mama akasema haya, tutaona. Nami nimepiga hesabu zangu: akishaketi pale itabidi anishukuru, na huwezi kumshukuru mtu ukimwita "yule". Nataka kusikia Loris. Mara moja tu, kabla ya Jumamosi ijayo.

Klabu yenyewe ya mapumziko, hapa ufukweni, nakiri, ni paradiso ndogo. Unafungwa bangili ya kitambaa mkononi, na kuanzia hapo kula, kunywa na kucheza ni bure. Biringanya zimepikwa namna sita. Jibini bado linatoa maziwa ukilikata. Nilisimama mbele ya bafe na sahani tupu, kwa heshima, mpaka mtu wa nyuma akaniuliza kama naumwa.

Pigo la kwanza: Cosimo, msimamizi wa ufuko, ametupa mwavuli wa mstari wa sita, kando ya bomba la kuogea. Mstari wa mbele ni wa waliokuja miaka mingi. Namba nne, katikati kabisa, ni wa Bwana Tarcisio Zorzan wa Rovigo, mkuu wa stesheni mstaafu. Mgane. Huu ni mwaka wake wa kumi na tisa hapa.

Mama Ersilia ametazama bomba la kuogea muda mrefu.

Jumapili, 11 Agosti

Mbinu ya kwanza: taulo. Alfajiri nimetandaza taulo zetu nne chini ya namba nne, nikaenda kunywa kahawa kwa raha zangu. Anayewahi ndiye mwenye mali, nikajiambia.

Niliporudi, taulo zilikuwa mstari wa sita. Zimekunjwa, kona kwa kona, zimepangwa kwa ukubwa. Cosimo alisema si yeye. Ni Bwana Tarcisio mwenyewe, alidhani upepo umezipeperusha, akazitafutia wenyewe mwavuli kwa mwavuli.

Sijawahi kuona taulo zilizokunjwa vile. Na huyo mzee! Kaptula imepigwa pasi, mstari umenyooka. Anawasalimia watu wote kwa majina na kwa miji yao, kama anatangaza treni. Alikuja mpaka kwetu, akaivua kofia mbele ya Mama Ersilia, akamkatia kipande cha pichi kwa kisu kidogo. Mama akala. Akauliza mtu mstaarabu kama yule katokea wapi. Kisha akanitazama mimi.

Jumatatu, 12 Agosti

Nimempa Cosimo soseji nzima ya salami ya Cremona, ile ya kitunguu saumu. Ameipokea kwa mikono miwili. Ameikata, ameila, amenisifia mji wangu. Halafu ameniambia kwa upole kuwa mwavuli wa mbele ni kama benchi la kanisani, unahama kwa mwenyewe kuutoa au kwa mwenyewe kufa, na Bwana Tarcisio ana afya.

Usiku wa watoto Agnese amecheza jukwaani na wenzake wa klabu ya watoto. Nimelia kidogo. Donata ameniambia nifute pua.

Jumanne, 13 Agosti

Leo akili imenijia, na imetoka kwenye kazi yangu mwenyewe.

Nimeuza madirisha miaka ishirini. Nani ananunua dirisha jipya kwa sababu ya uzuri? Hakuna. Wananunua kwa sababu ya upepo wa shingoni. Kwetu sisi mtu anaweza kuvuta sigara tangu ujana akafika miaka tisini, lakini aketi na jasho kati ya milango miwili iliyo wazi, kesho yake ni kitandani. Hilo halina mjadala. Mama zetu walitufunga skafu hata mwezi wa Juni.

Basi wakati wa chakula cha mchana nimekaa karibu na Bwana Tarcisio. Nimemtazama shingo. Nimetikisa kichwa. Ameniuliza kuna nini. Nikamwambia sitaki kumtisha mtu akiwa mapumzikoni. Akasema nimtishe tu. Basi nikamweleza, kitaalamu, kuwa mstari wa mbele umekaa vibaya: upepo wa bahari unapita chini ya miavuli kama kwenye ujia wa nyumba, na unapiga hapa, chini ya sikio. Nikamtajia mteja wangu wa Soresina ambaye hakugeuza kichwa kuanzia Agosti mpaka Krismasi. Mteja huyo hajawahi kuwepo duniani, ila ningeweza kumchora.

Bwana Tarcisio aliweka uma chini. Akasema sasa ameelewa maumivu ya mwaka juzi. Akafunga kifungo cha juu cha shati. Dhamiri ilinisuta kidogo hapo, kwa sababu alinishika mkono akanishukuru.

Jumatano, 14 Agosti

Ushindi! Saa nne asubuhi Bwana Tarcisio ameondoka namba nne na kimeza chake cha kukunja. Amehamia nyuma kabisa, kwenye kivuli cha misonobari. Miaka kumi na tisa, na ameondoka bila kulalamika, ameinamisha kofia kidogo upande wa bahari. Nilitaka kumpigia saluti.

Na mwavuli amenipa mimi. Amemwambia Cosimo aandike jina langu kwenye ramani, kwa kuwa mtaalamu anajua namna ya kujikinga na upepo.

Nimekimbia juu ya mchanga wa moto kumwita Mama Ersilia. Nimemkuta nje ya chumba, amevaa skafu ya sufu, imezungushwa mara mbili. Nikamwambia mahali pako tayari, mstari wa mbele, kama nilivyoahidi.

"Donata!" aliita. "Njoo usikie. Yule wa madirisha anataka kunipeleka kwenye mkondo wa upepo nife."

Nikauliza nani kamwambia habari za upepo. Akasema klabu nzima inajua. Bwana mstaarabu wa Rovigo ameshawaonya watu wote pale kwenye kifungua kinywa, naye kaambiwa na mtaalamu mmoja mkubwa kutoka Cremona kwetu. Akasema inasikitisha kwamba mji mmoja unaweza kuzaa mtaalamu kama huyo na mtu kama mimi.

Ameenda zake kwenye misonobari, akaweka kiti karibu na Bwana Tarcisio. Donata amenitazama. Ameolewa na mimi miaka kumi na miwili, kwa hiyo hakuhitaji kuuliza.

Alhamisi, 15 Agosti

Sikukuu ya Kupalizwa Mama Maria. Misa chini ya miti, kisha matikiti maji yaliyochongwa maua. Mpishi mmoja amechonga uso wa Cosimo, umefanana kuliko picha ya kitambulisho chake. Watu wa klabu hii ni wa kusifiwa, nasema wazi.

Mstari wa mbele umebaki mtupu. Waitaliano wote wamehamia nyuma, wamebanana kwenye misonobari na skafu zao, kama watu wanaongoja basi mwezi wa Januari. Mbele nipo mimi peke yangu. Baadaye zikaja familia tatu za Wajerumani kutoka Stuttgart, nywele zinachuruzika maji, wakaketi katikati ya ule upepo wakicheka. Wakanipa bia. Watu wema sana.

Saa nane mchana, wali wa kome bado uko tumboni, Wajerumani wakaingia majini kuogelea. Hata nusu saa haijapita! Misonobari nzima ikasimama. Kwetu mtu hungoja muda wa saa tatu baada ya kula ndipo aingie majini, asije akazama, na mtoto huhesabiwa dakika. Mama mmoja alipiga ishara ya msalaba. Cosimo akaingiza mtumbwi wa uokoaji majini, akakaa ndani tayari. Tulingoja. Hakuzama mtu. Walitoka wakaomba aiskrimu.

Jioni nimejaribu kukiri. Nimemwendea Mama Ersilia nikamwambia hakuna upepo wowote pale, ni maneno tu. Akasema hata muuaji angesema hivyo hivyo. Nimemwendea Bwana Tarcisio nikamwambia nilitia chumvi. Amenipiga begani, akasema anaheshimu mtaalamu anayeficha ukweli ili wazee walale vizuri. Akarudi kwenye karata. Wanacheza briskola, yeye na Mama, wawili dhidi ya mtu na mkewe wa Brescia. Mama anampa ishara kwa jicho la kushoto. Sikujua kama jicho lile linaweza kukonyeza. Ni mchezaji hatari sana, mama huyu. Nimesimama nyuma yake nikashangilia moyoni mpaka akaniambia nisimzibie taa.

Siku mbili zimebaki. Bado mimi ni yule.

Ijumaa, 16 Agosti

Naandika nimelala ubavu, kwa sababu hivyo ndivyo ninavyoweza.

Nimeamka shingo imekaza. Nageuka kushoto tu. Kulia hakuna kitu. Siku mbili nimeketi namba nne nywele zikiwa mbichi, na upepo umenipiga pale pale, chini ya sikio, nilipomwonyesha Bwana Tarcisio. Kumbe upepo upo! Nimesema uongo ukawa kweli. Donata amesema mchimba kisima huingia mwenyewe. Kisha amenisaidia kuvaa shati, na alikuwa anacheka.

Donata na Agnese wamenipeleka kwenye misonobari, mmoja kila upande. Mama Ersilia alikuwa na karata mkononi, tena nzuri. Aliniona. Akaziweka mezani, zimelala kifudifudi. Akanyanyuka. Akafungua skafu yake mwenyewe shingoni, akamtuma Agnese jikoni kuomba mafuta ya zeituni yaliyopashwa moto, akaanza kunikanda kwa vile vidole vyake vya kukandia unga. Niliona nyota mchana kweupe. Nikapiga kelele kuwa ananivunja.

"Tulia, Loris," akasema. "Una kichwa kigumu kama mlango wa ghala."

Niliendelea kulia kwa maumivu. Donata ndiye aliyeniinamia sikioni akaniuliza, umesikia kakuitaje? Nikauliza kaniitaje. Akaniambia. Nikaomba Mama arudie, akadhani nataka akande tena, akakanda.

Halafu akawageukia wale watu wote wenye skafu. Akawaambia mtaalamu wa Cremona, kama Bwana Tarcisio alivyomfumbulia kwenye karata, ni huyu hapa, mkwe wake, na kwamba nimeketi kwenye ule mkondo siku mbili nzima, peke yangu na Wajerumani, ili watu waamini. Akawauliza ni mkwe wa nani mwingine angefanya hivyo. Bwana Tarcisio alivua kofia. Mimi nilitazama kushoto, kwa kuwa sikuwa na njia nyingine, na machozi hayakuwa yote ya shingo.

Baadaye nimemwomba radhi kwa habari ya bahari. Ahadi ni ahadi. Akashangaa.

"Bahari? Nani kakwambia nataka bahari? Inanitia kizunguzungu. Siku ile ya Pasaka ulikuwa unaongea peke yako, mwanaume. Mimi nilitaka kivuli na mtu wa kucheza naye karata."

Jumamosi, 17 Agosti

Kurudi nyumbani. Donata anaendesha, shingo yangu bado ni ya upande mmoja. Tumesimama kituo cha mafuta, naandika hapa.

Kuagana kumechukua saa nzima. Bwana Tarcisio amebusu mkono wa Mama, wameahidiana mwakani, misonobari ile ile, karata zile zile. Cosimo ameniaga kwa soseji ya pilipili ya kwao na habari njema: mwavuli namba nne sasa ni wangu kwenye ramani, mpaka nitakapoutoa au kufa. Familia yangu yote itakuwa nyuma, msonobari wa tatu. Nitakuwa nawaona nikigeuka kushoto.

Mama yuko kiti cha nyuma, skafu shingoni. Tangu asubuhi kasema "Loris, funga kioo" mara nne. Nimekuwa nakifungua kidogo kila baada ya muda.

Sasa nimekaa na kuwaza. Shingo moja imenipatia jina. Je, kiuno? Kiuno ni kikubwa kuliko shingo. Kiuno kinaweza kunipatia "mwanangu". Mpango wa mwakani: kianze kuuma Jumanne, taratibu, nisikubali kusaidiwa kabla ya Alhamisi, mbele ya watu, ikiwezekana kwenye matikiti ya sikukuu.

Nimeanza mazoezi. Nimetoka garini nimejishika kiuno, nikaguna kwa nguvu. Mama alikuwa amesinzia. Nimerudi ndani, nimefunga mlango kwa kishindo ili aamke, na sasa natoka tena.