Glavu ya Oveni na Mradi wa Anga wa Wembley

Wembley, 13 Machi 2004

Shangazi Zainab, shikamoo. Naapa kukueleza yote, bila kupunguza. Unajua ninavyotamani kuwa mjaribu wa kwanza wa vifaa vya wanaanga katika mradi wa jumuiya yetu. Leo Mwenyekiti, Bwana Abdulsamad, ametuhutubia ukumbini, na alisema hivi:

"Waheshimiwa masheikh, mabalozi wastaafu na watarajiwa, akinamama wa kamati ya mapishi, akinababa wa kamati ya kuonja, mabibi na mabwana! Mimi, mwasisi, mlezi na mshauri mkuu wa mradi huu, natangaza kwamba feasibility study, yaani upembuzi yakinifu, imekamilika kwa asilimia mia na nne. (Makofi.) Mwanaanga huvaa glavu nene kama godoro, ataishikaje lenzi ya kukagulia mawe, atabonyezaje kitufe cha kipimajoto? Ndiyo maana mimi binafsi, kwa ujasiri usio wa kawaida, tangu asubuhi nimevaa glavu hii ya oveni ya Bi Ghalia. (Bi Ghalia: 'Na mkate wangu wa mayai niutoe na nini, Mwenyekiti? Unaungua huo!' Kicheko.) Watoto wote walioniamkia mlangoni wameubusu mkono huu kwa adabu, nami, ndugu zangu, sikuhisi hata busu moja! Huo ndio utafiti, tena wa international standard! (Vigelegele. Kaka yangu Mahir: 'Mimi mdomo umejaa unga!') Matokeo haya tutayapeleka kwa stakeholders, yaani wadau wote, wa duniani na wa kwingineko."

Nikainua mkono. "Samahani, Mwenyekiti, vifaa vyenyewe vya kujaribu viko wapi?"

(Mwenyekiti anapangusa unga kwenye glavu.)

"Swali zuri sana, mwanangu Afra, na litaundiwa subcommittee. Glavu juu! (Juu!) Sayansi mbele! (Mbele!) Mwisho, naishukuru kamati kwa kuufanikisha mradi huu bila kifaa, bila mwanasayansi na bila mradi wenyewe, jambo lililoturahisishia sana utekelezaji. Ahsanteni!"

Watu walisimama kumshangilia, hata mimi. Kisha nilirudi nyumbani, nikavaa glavu za theluji za baba na kujaribu lenzi niliyoazima skuli. Kila nikiigeuza, inateleza. Wewe unafundisha fizikia, Shangazi, kwa hiyo nijibu kwa posta ya kwanza: nikiuzungushia mpini wake mpira wa baiskeli, nikaandika kila inapoanguka, je, hilo litakuwa jaribio la kweli?