Bei ya Tela: Mjukuu Mmoja

Lumemo, Ifakara,
Jumatano, baada ya chai.

Kwenu Wachunguzi wa Matela Yatokayo Nje,

Basi, tela yenyewe bado iko palepale uani alipoikuta yule kijana wenu aliyekuja kuipima, na kuku bado analalia mayai juu ya springi ya nyuma, kwa hiyo msinitumie tena mtu wa kuuliza kama tumeiuza. Hatujaiuza. Tutaiuzaje wakati hata ninyi wenye kazi hiyo hamjasema ina thamani gani?

Kabla sijaendelea, aliye mkubwa kwangu kati yenu, shikamoo. Waliobaki, marahaba, nimeshaitikia, msipate taabu ya kuandika. Mimi ni Bibi Theodosia. Shule sikuiona. Anayeandika ni mjukuu wangu Levina, ambaye mahari yake ndiyo hiyo tela, na nimemwambia aandike kila ninachosema bila kuchagua. Nikimtaja yeye kalamu inasimama, lakini anaendelea.

Barua ofisini inapita mikono mingi, kwa hiyo nawaelezea na wasiojua. Levina alichumbiwa na Jeremia, mtoto wa Mabula, wale Wasukuma waliohamia huku na ng'ombe wao, sasa wanalima na mpunga. Mwanangu Fulgensi, baba yake Levina, akataka ng'ombe kumi na tano. Mabula akasema, mzazi mwenzangu, ng'ombe wamebaki wachache, malisho yamebana, lakini nina tela mbili mpya za kubebea mpunga, zimetoka nje ya nchi, chukua moja ihesabiwe ng'ombe kumi na tano. Fulgensi akaizunguka ile tela, akapiga teke tairi kama mtu anayejua, akakubali. Huyo hajawahi kumiliki hata baiskeli yenye breki.

Mwezi wa kwanza kikaja kichwa cha lori kikaisukuma kinyumenyume mpaka uani, kikavunja ukuta wa choo, kikaiacha imesimama kwa miguu yake ya chuma, kikaondoka. Tangu siku hiyo tuna tela isiyo na kichwa.

Wala sikuichukia. Naanika mpunga juu yake na mbuzi hawafiki. Mto ulipofurika mwezi wa nne tulilala juu yake watu kumi na mmoja, na yule jirani aliyekuwa akinicheka kwamba nimeletewa kitanda cha jitu, ndiye aliyepanda wa kwanza, tena na godoro.

Sasa tukavuna, tukafika kwenye ndoa. Kwetu kanisani paroko anatangaza Jumapili tatu: Jeremia wa Mabula anataka kumwoa Levina wa Fulgensi, mwenye kujua kizuizi aseme. Tangazo la kwanza likasomwa, kimya. La pili likasomwa, kimya, mtoto mmoja tu alilia na mama yake akamtoa nje. Kesho yake, Jumatatu, redio ikasoma la kwenu. Eti kuna matela na vipuri vyake yanaletwa kutoka nje, yanauzwa hapa kwa bei ya chini kuliko yanavyouzwa hukohuko kwao, wenye viwanda vya hapa wanaumia, sasa mnachunguza kama yaongezewe ushuru. Aliyeumia aandike ndani ya siku thelathini. Nikaelewa mara moja. Ni matangazo kama ya ndoa, ila yenu yana redio. Basi mimi nimeumia, na nasema.

Lalamiko la kwanza ni aibu. Mwenye kiwanda akiumia anaumia na karatasi zake ofisini. Mimi naumia mashineni Kibaoni, kwenye foleni ya kukoboa mpunga, mbele ya watu. Siku ileile ya redio wanawake wakanipokea: Bibi Theodosia, kumbe Levina kaolewa kwa bei ya ofa! Mwingine akasema: Bibi, ukitoa mmoja unapewa tela, je, ukitoa wawili wanakuongezea turubai? Nikawajibu kwamba wao waliolewa kwa ahadi, na ahadi haibebi hata debe la mpunga. Lakini nilirudi nyumbani nimeacha ungo wangu, kwa hiyo mnaona nilivyoumia. Ungo wenyewe sijaupata mpaka leo.

La pili. Fulgensi aliposikia redio alisukuma sahani pembeni, akasema, nimechezewa. Akaenda kwa paroko akazuia tangazo la tatu. Jumapili iliyopita likaruka. Paroko akatangaza mkutano wa jumuiya, akatangaza ng'ombe aliyepotea, akakaa. Kanisa zima lilimgeukia Levina. Fulgensi anasema Mabula aongeze ng'ombe watano au tela ionekane kweli ina thamani ya kumi na tano. Mabula naye anasema haongezi hata ndama, tela ni tela, na mlipolala juu yake wakati wa mafuriko mbona hamkuuliza bei? Maneno yote hayo anayabeba Beatus, kaka yake Levina, kwenda kwa Mabula na kurudi. Anatoka asubuhi anarudi jioni, na maneno yenyewe huwa mawili. Huku Levina anakula matonge mawili anasema ameshiba. Hapa kalamu imesimama. Andika, mwanangu, wachunguzi lazima wajue.

La tatu ni huyo kijana wenu, Hilary. Sisemi ana tabia mbaya. Alinisalimia vizuri, akavua viatu kuingia ndani ingawa sikumwambia. Alikuja na tepu, akapima tela urefu, akapiga picha kibati chenye maandishi ambayo hata mwalimu hajui kuyasoma, akahesabu ekseli, tatu, matairi, kumi na mawili. Akauliza, Bibi, hii mlinunua bei gani? Nikamwambia, mjukuu mmoja. Akasema, Bibi, naomba bei. Nikamwambia, ndiyo bei, na kama unataka kumwona yuko jikoni anasonga ugali. Akacheka, akaandika. Levina alichungulia fomu akanisomea: Bei ya kununulia, mjukuu mmoja. Sasa nauliza, hiyo kwenu ni bei ya chini au ya juu? Maana Hilary alipoulizwa hivyo alisema itaamuliwa na wakubwa, akavaa viatu. Wakubwa ndio ninyi. Amueni.

La nne ni vipuri, maana redio ilisema na vipuri. Tela ilikuja na tairi la akiba, taa nne nyekundu na springi ambazo fundi mmoja ameshakuja mara mbili kuniomba moja atengeneze mapanga. Kila kimoja mkipandishie ushuru wake peke yake. Msivichanganye pamoja kama mnavyochanganya dagaa.

La tano, Levina, ni la tano au la sita? Basi la tano. Mabula mwenyewe achunguzwe. Siku ya posa alikunywa akajisifu kwamba kule kwao Usukumani kaka yake alitoa ng'ombe thelathini kwa binti mmoja, tena binti mfupi. Kwao thelathini, kwetu tela! Si ndiyo kosa lenyewe mnalolitafuta, kitu kimoja kwao bei hii na kwetu bei ile? Mnahangaika na meli na makontena wakati kosa lenyewe liko hapa kwetu linalima mpunga. Kwa hiyo naomba ushuru uwekwe pia kwa wachumba. Mchumba yeyote anayeingia bondeni asimamishwe pale darajani Kidatu, apimwe kwa tepu, aulizwe kwao wanatoaje, kile kilichopungua akilipie palepale.

Na msiseme nawaonea wageni. Hata marehemu mume wangu Faustin angesimamishwa. Alitoka upande wa Mahenge, akavuka mto kwa pantoni, akanioa kwa mbuzi wawili na majembe matatu, na mbuzi mmoja alikuwa anakohoa. Nilikaa naye miaka arobaini na tano. Hakunipiga hata siku moja, na kila mwaka mpunga wa kwanza kukobolewa aliuleta kwangu kwanza niuonje. Jembe moja ninalo mpaka leo, limebaki kama kijiko. Sasa mnaona. Na mimi niliolewa kwa bei ya kutupa, na hakuna aliyeniandikia barua ya kunitetea. Sijui kwa nini nimelisema hili hapa. Acha, usifute.

Nasogea kwenye ombi. Nimesikia kwamba mkiongeza ushuru, matela yanapanda bei. Vizuri. Sasa pandisheni, na tela yetu nayo ipande hapohapo iliposimama, haina haja ya kwenda popote, ipande mpaka ifike ng'ombe kumi na tano. Hapo Fulgensi atakuwa amepata haki yake, Mabula hatakuwa ameongeza hata ndama, na Levina ataolewa. Hakuna atakayetoa kitu. Nimeshangaa kwamba watu wasomi wote hao hawakuliona hili mapema. Ila siku thelathini ni nyingi mno. Naomba ushuru uwe umefika Jumamosi jioni, ili Jumapili misa ya kwanza paroko asome tangazo la tatu, na kama ataona inafaa asome na ushuru wenyewe, watu wa mashineni wasikie. Jeremia ameshashona suti. Kijana ananenepa kwa mawazo, na fundi hakuacha kitambaa cha ziada.

Sina la zaidi. Nisalimieni wake zenu na waume zenu, mnisalimie Hilary, mwambieni tepu yake aliisahau, tunapimia mlango wa choo. Kuku hajambo. Fulgensi hajambo ingawa hastahili.

Ni mimi niliyeumia kwa tela,
Bibi Theodosia.
Hiyo alama nyeusi ni dole gumba langu, si uchafu.

Nyongeza, baada ya dole gumba:

Levina alikuwa ameshakunja karatasi, nimemwambia aikunjue. Beatus amerudi sasa hivi kutoka kwa Mabula, na safari hii maneno yalikuwa matatu. Kumbe siku zote hizo alikuwa hapeleki yetu tu, alikuwa na ya kwake. Anataka kumwoa Stumai, dada yake Jeremia, na Stumai anamtaka. Mabula akamwuliza, kijana, kwenu mna nini? Beatus akajibu, tuna tela. Mabula akauliza, tela ya ng'ombe wangapi? Beatus akasema, kumi na tano, si wewe mwenyewe uliyesema? Hapo Mabula akakwama. Akisema tela haifiki kumi na tano, amekiri kwamba alimpunja Levina. Akisema Stumai ni wa zaidi, amemtukana mkwe wake mtarajiwa na sisi sote. Beatus anasema alicheka mpaka akakaa chini, akakubali, akaita dereva wake aje kuivuta.

Kwa hiyo tela inarudi ilikotoka. Fulgensi amefikiri kwa muda, maana hesabu kwake huchelewa, halafu amevaa kofia amekwenda kwa paroko kuomba Jumapili yasomwe yote, la tatu la Levina na la kwanza la Beatus. Levina ameomba apewe ule ugali wa jana uliobaki.

Basi, wakubwa zangu, yale ya juu yafuteni yote isipokuwa salamu na yale ya Faustin. Ushuru pandisheni, shusheni, mnavyopenda wenyewe. Sisi haitugusi tena. Yale ya Kidatu ndiyo yafuteni kabisa, kabla Beatus hajapimwa kwa tepu. Na kwenye fomu, pale Hilary alipoandika mjukuu mmoja, aongeze: mmoja katoka, mmoja kaingia. Hapo hakuna aliyepunjwa isipokuwa choo, na kama bado mnatafuta cha kuchunguza, njooni mchunguze huo ukuta na mtuambie nani anaujenga.

Mama yake Levina ananiita. Kichwa cha lori kimeshafika uani, wanataka kuivuta leo hii, wameanza kukunja miguu ya tela. Waambie wangoje! Kuku ana siku ya kumi na tisa, zimebaki mbili tu atotoe! Levina, weka kalamu chini, twende.