Mji Umekamilika, Babu

Jumatatu, 4 Novemba

Gazeti la mtaa limetoa picha ya Raivo! Jirani yangu, mwongoza wageni mwenzangu, mzushi namba moja wa Tallinn. Kaulizwa sehemu anazozipenda mjini, kataja zile zile: mnara, ukuta, duka la dawa la kale. Hata njiwa wanazijua. Na Bibi Maret, mwenye nyumba ya wageni, ametangaza kuwa atakayefika mlangoni kwake Jumapili na kundi kubwa zaidi ndiye atakayepewa wageni wake majira yote ya baridi. Nikishindwa, narudi kijijini kwa mama kufuga nguruwe. Sitaki! Nguruwe hawanipendi.

Jumanne, 5

Mazoezi ya ziara yangu. Ukungu. Kajitokeza msikilizaji mmoja tu: babu mfupi wa koti la kijivu, linachuruzika maji wakati mvua haijanyesha tangu wiki iliyopita. Ndevuni ana majani ya ziwani. Nimempeleka kwenye benchi la paka nyuma ya ukuta, kichochoro cha wafinyanzi, na yale mabomba ya mvua yenye vichwa vya joka kwenye ukumbi wa mji. Anasikiliza vizuri mno. Hapepesi macho. Mwishoni akaniuliza kama mji umekwisha kujengwa.

Kila mtoto hapa anajua nani huuliza hivyo, na anajua jibu: bado, kazi ingalipo tele. Ukisema umekwisha, Mzee wa Ziwa Ülemiste analimwaga ziwa lote juu yetu. Hadithi za bibi! Tena Raivo alikuwa anapita. Niuite mji wangu nusunusu mbele yake? Nikasema kwa sauti: umekamilika, babu, halijapungua hata tofali! Akanipa mkono kunishukuru. Kiganja baridi kama samaki. Akaondoka kuelekea ziwani.

Jumatano, 6

Sakafu imelowa. Naishi chumba cha chini, nyumbani kwa Shangazi Salme, na leo kiatu changu kina samaki. Mzima! Shangazi kashuka, kanusa, kanikazia macho. "We Villu, umeongea na nani?" Nikasema bomba limepasuka. Akasema mdomo huponza kichwa, na safari hii ni vichwa vyetu sote. Amehamishia viazi darini. Wazee na woga wao.

Alhamisi, 7

Vichwa vya joka vinatapika maji. Wingu hakuna! Watu wanapita wameinama. Hata mimi nimeogopa kidogo. Kisha akili ikanijia: kivutio kipya! Nimebandika tangazo mlangoni: Chemchemi ya Ajabu Chini ya Nyumba. Raivo kaja kuchungulia, akawa mweupe kama jibini. Akanisihi niende ziwani niseme bado. Wivu mtupu.

Ijumaa, 8

Maji nusu ya ngazi. Nilikuwa nawaonyesha wageni wa Bibi Maret, na yeye mwenyewe yupo. Pale penye kitanda changu, ndani ya maji, kasimama yule babu. Hakupita mlangoni, mlangoni tulikuwa sisi. Akauliza tena, polepole, kama kweli mji umekwisha. Shangazi akanifinya niseme bado. Lakini Bibi Maret ananitazama! Nikawatabasamia wageni. Ndipo Raivo akapiga kelele toka juu ya ngazi: "Bado, babu! Njia ya tramu imefukuliwa tangu masika, bandarini kuna shimo, na paa la huyu Mama Salme ndo usiseme!" Babu akashusha pumzi. Akazama, na maji yakamfuata. Yameacha matope. Soksi zangu zote zimekwenda.

Jumamosi, 9

Fedheha! Wageni wote wamehamia kwa Raivo. Anawatembeza kwenye mashimo! Shimo la tramu, shimo la bandari, paa la shangazi. Wanayapiga picha! Shangazi kawapa na mkate mweusi. Kesho mimi sina hata mtu mmoja. Nilikaribia kulia.

Nikapanda basi hadi ziwani. Babu alikuwa ameketi juu ya jiwe, kavaa soksi zangu. Nikamwambia ukweli wote: Raivo ni mwongo, mji umekwisha, aje kesho ajionee. Akaniuliza kama anaweza kuja na wenzake. Nikauliza wangapi. Akageuka kuyatazama maji, na maji yakajaa vichwa, kutoka ukingo huu hadi ule, kimya, vyote vinaniangalia bila kupepesa.

Nikasema karibuni wote. Raivo kwisha habari yake! Bibi Maret atakosa hata pa kuwaweka.