Waziri na Moto wa Kupangwa

Waziri hakuwa waziri wa kitu chochote. Jina hilo alipewa mtaani kwa sababu aliahidi mengi, alivaa suti hata kwenye joto, na hakuna aliyewahi kuona alichotekeleza. Siku hiyo aliingia ofisi ya misitu kuomba kuchaji simu tu, akasimama mbele ya ubao wa matangazo, na kwa kuwa hakuwa na la kufanya, akasoma.

Tangazo lilisema idara inakusudia kuchoma kwa mpango sehemu ya msitu wa serikali inayopakana na nyumba za mlimani. Majani makavu yamerundikana; yasipochomwa sasa kwa utaratibu, yatawaka yenyewe wakati wa kiangazi, na hapo hayataomba kibali cha mtu. Makao makuu yamekubali, kwa sharti kwamba wakazi waondoe pingamizi lao na wahame kwa siku moja. Pingamizi lenyewe lilikuwa na umri wa miaka mitatu. Wakazi wa mlimani walikuwa watu waliosoma. Waliupenda msitu, na walipenda zaidi mapazia yao yasinuke moshi.

Waziri aliyarudia maneno "wahame kwa siku moja" kama mtu anayesoma barua ya mapenzi.

"Mama, hizi fomu za kuondoa pingamizi zinapatikana?" alimuuliza afisa misitu, mama wa makamo aliyekuwa akifunga kamba za buti.

Afisa aliitazama suti, kisha viatu vilivyochongoka. "Unakaa kule mlimani?"

"Nina watu wangu kule."

"Basi chukua za mtaa mzima, baba," akasema, akamkabidhi rundo lote, na kalamu juu yake.

Waziri alitoka akiisikitikia serikali inayoajiri watu wepesi namna ile.

Kesho yake asubuhi alikuwa sebuleni kwa mwenyekiti wa wakazi, meneja mstaafu aliyewahi kuapa mbele ya mkutano kwamba atajifunga mnyororo kwenye mti kabla kiberiti hakijawashwa. Nje, shemeji yake Waziri alisubiri ndani ya lori la kukodi.

"Idara inajali mali zenu," Waziri alisema kwa upole. "Vitu vya thamani tunavihifadhi ghalani kwetu hadi moshi uishe. Kwa usumbufu, kila kitu kitakachopakiwa kitalipiwa fidia."

"Kila kitu?" mwenyekiti aliuliza.

"Kila kitu. Ila lazima kwanza mtie saini kwamba hamna pingamizi."

Mwenyekiti aliichukua kalamu, pengine akiuaga ule mnyororo. "Friji bovu nalo linahesabika?"

"Bovu ndilo linaloumizwa zaidi na moshi, mzee wangu."

Habari ilipanda mlima mbio kuliko moto wowote. Watu waliotunza mazingira kwa miaka mitatu walitia saini wakiwa wamesimama, wengine wakitumia mgongo wa jirani kama meza. Zilitoka televisheni, makochi, vinanda, na magodoro ambayo hata panya walikuwa wameyakimbia. Kisha wenye nyumba wakaondoka kwenda kwa ndugu zao mjini, kama sharti lilivyotaka.

"Shemeji, haya tunayauzia wapi?" aliuliza dereva walipoanza kuteremka.

"Wewe kanyaga mafuta. Mambo ya fikra niachie mimi."

Kwenye kona walikuta gari la zimamoto limeegeshwa katikati ya barabara. Mbele yake alisimama afisa misitu na vijana wake wenye reki na matangi madogo ya maji mgongoni. Waziri alishuka akiwa na uongo tayari mdomoni, lakini nyuma yake gari la mwenyekiti nalo likasimama. Mzee alikuwa akilisindikiza kochi lake.

"Karibu, mkuu," afisa alimwambia Waziri kwa heshima kubwa. "Fomu unazo?"

Waziri alimtazama afisa, akamtazama mwenyekiti. Akisema yeye si mkuu, mzee atauliza makochi yanakwenda wapi. Akazitoa fomu. Afisa alizipitia moja moja, akaguna kwa kuridhika.

"Zote zipo. Upepo ni mzuri, nyumba ni tupu, tunawasha leo," alisema. Kisha akamgeukia mwenyekiti. "Mkuu wetu huyu hapendi kukaa ofisini. Atashika reki mwenyewe."

"Huo ndio uongozi," alisema mwenyekiti, machozi yakimlengalenga.

Lori likapelekwa uani kwa idara, mlinzi akiwa amekaa kando ya shemeji. Waziri akapewa reki. Alifagia majani kwenye njia ya kuzuia moto hadi suti ikapasuka kwapani. Vijana waliwasha kutoka upande wa juu ili moto ushuke polepole, ukipingana na upepo, nao ukashuka kwa adabu, ukila majani na kuiacha miti imesimama. Waziri alikohoa, machozi yakimtoka, masizi yakimpaka hadi meno.

"Ulijua tangu mwanzo," alimnong'oneza afisa jua lilipoanza kuinama.

"Miaka mitatu nimewapelekea wataalamu, wakawafukuza. Nikaona labda wanahitaji mtu wa aina yako."

"Na vitu vyao?"

"Shemeji yako anawarudishia nyumba kwa nyumba. Nimemwajiri udereva, ana mkono mzuri."

Waziri alikuwa bado anaimeza habari hiyo aliposikia sauti. Wakazi waliorudi kutoka mjini walikuwa wanapanda njia, mwenyekiti mbele, wanaulizia fidia.

"Fidia anashughulikia huyu," afisa aliwaambia, akimwonyesha kwa kidole.

Waziri akatupa reki. Kulia kulikuwa na wakazi, kushoto gari la zimamoto. Akageuka, akakimbilia katikati ya msitu ulioungua. Majivu bado yalikuwa na moto chini. Soli zikaanza kuyeyuka. Akawa anakwenda hatua mbili, anaruka, hatua tatu, anaruka tena huku akilia "mama wee". Wakazi walisimama ukingoni, hakuna aliyethubutu kumfuata.

"Tumkamate?" kijana mmoja aliuliza.

"Muache kwanza," alisema afisa, akifungua ramani yake. "Kila anaporuka, weka alama. Hapo ndipo pa kumwagia maji."