Sauti Iliyochelewa Kufika Sebuleni

Jamani, leo nimepatikana. Sijapatikana barabarani wala kazini. Nimepatikana sebuleni kwangu, mbele ya mjomba wa mchumba wangu, na aliyenichongea ni mimi mwenyewe.

Nawasimulia mapema humu kundini ili msije mkaisikia kwa Side, maana yeye ataongeza chumvi.

Side ni jirani yangu hapa Kihonda. Sote wawili tuna mashine za gemu, ila yake ni nyeusi na yangu ni nyeupe. (Majina ya kampuni siyataji. Kuna watu wamenuniana kwa mambo haya.) Siku nyingi tunabishana ni ipi inafaa kuchezea mpira mtandaoni. Mimi nasema nyeusi inaganda. Uko ndani ya boksi, unabonyeza kupiga, mchezaji wako anasimama kama anasubiri ruhusa ya mkewe. Akija kupiga, kipa keshaudaka na keshaurudisha katikati.

Side hakatai kwamba inaganda. Hoja yake ni watu. Kwenye nyeusi, anasema, nusu ya nchi imo. Ukiwasha tu umepata mpinzani, na ukimfunga atakutukana kwa Kiswahili unachokielewa. Kwenye nyeupe unangoja mpaka chai inapoa, halafu unaletewa mtu wa nchi ya mbali asiyesema neno.

"Mashine yako ni kama mgahawa uliofunguliwa mchana wa Ramadhani," aliniambia. "Viti vinang'aa, wateja hakuna."

Nikadai tupime. Gemu lile lile, mtandao ule ule, muda ule ule. Na siku tuliyoipata ni leo.

Sasa leo ndiyo siku mjomba wa Rehema alikuwa anakuja kuniangalia. Rehema ni Mluguru wa Mkuyuni, kule milimani wanakolima mdalasini, na kwao mjomba ndiye mwenye neno. Baba anaweza kukupenda, mama anaweza kukupikia, lakini mjomba akikataa, posa inarudi pamoja na wewe uliyeipeleka. Mimi ni mtu wa Gairo, kwetu ni mahindi na karanga. Mjomba hanijui, mimi simjui. Pale dukani ninapouza vifaa vya umeme nilikuwa nimeomba ruhusa ya siku nzima kwa ajili yake tu.

Mpango ulikuwa tupime asubuhi, mchana nimpokee mgeni. Side akachelewa kuja. Alipofika tukafunga mashine yake sebuleni, yangu ikabaki chumbani kwangu mwisho wa korido, ili mtu asichungulie kioo cha mwenzake. Gemu lenyewe linaruhusu mashine mbili tofauti kukutana, na mnaweza kuongea huku mnacheza. Mimi nilivaa hedifoni zangu zenye maiki, zile zisizo na waya. Side hana hedifoni, kwa hiyo yeye alisemea maiki ya kwenye pedi yake, na sauti yangu ilikuwa inatokea kwenye tivii. Aliifungulia mpaka mwisho.

Mechi ya kwanza nilishinda. Ya pili naongoza, simu ikaita. Mjomba. Ameshuka stendi ya Msamvu, anauliza nitampokea wapi.

Hapo ndipo nilipojiharibia. Nilitakiwa kusema nakuja. Badala yake nikasikia mdomo wangu unasema, "Shikamoo mjomba. Bahati mbaya nimebanwa kidogo kazini. Rehema atakufuata."

"Marahaba. Kazi ndiyo mtu," akasema mjomba. Mzee mpole sana kwenye simu.

Nikampigia Rehema, nikamwambia hivyo hivyo. Nilijua atampeleka kwanza kwake akanywe chai. Nikarudi kwenye pedi yangu kwa moyo mweupe.

Mechi mbili zaidi zikapita, Side akaniuliza kupitia gemu, "Mgeni wako si ndiyo amefika?"

Nikamjibu. Nanukuu maneno yangu yote, maana yatahitajika: "Nimemwambia niko kazini. Wazee wa milimani hawana haraka. Atakunywa chai kwa Rehema, atasimulia bei ya mdalasini mpaka jioni. Akija hapa mimi ni ndiyo mjomba, ndiyo mjomba, mpaka anasinzia. Kazi imekwisha."

Side kimya. Nikatazama kiooni, mchezaji wake amesimama mguu juu. Ameganda. Nilifurahi kupita kiasi. Nje mawingu yalikuwa yameshafunika milima yote, mvua inaanza kudondoka, na mtandao wetu huwa unaondoka na mawingu. Lakini yangu ilikuwa inakwenda tu. Nikafunga mabao mawili bila mpinzani. (Ndiyo, nilishangilia.)

Nikasikia hodi mlango wa mbele.

Nikavua hedifoni sikio moja. Sauti ya Rehema. Halafu sauti ya Side, "Karibuni, karibuni." Halafu sauti ya mzee akiuliza, "Mwenyeji hajarudi?"

"Yuko kazini," akasema Side. "Ila hakawii." Rafiki wa kweli.

Kumbe mjomba alikataa chai. Alikuwa amebeba mkungu wa ndizi kwa ajili yangu, akasema mzigo ufike kwanza. Walikuja moja kwa moja kwa bodaboda.

Nilivaa shati la kazini haraka. Nikatoka kwa mlango wa uani, nikapita nyuma ya banda la kuku la mama mwenye nyumba, nikazunguka na mvua ile mpaka mbele. Nikapumua kwa nguvu kidogo ili nionekane nimetoka mbali. Nikaingia.

"Shikamoo mjomba. Samahani sana, ndiyo natoka kazini."

Mjomba alikuwa amekaa kwenye kochi, kofia mkononi, mkungu wa ndizi miguuni. Mzee mwembamba, macho ya upole. Akanitazama lile shati limelowa.

"Marahaba. Pole na kazi, kijana."

Rehema akanitazama pia, lakini yeye alikuwa anatazama shingo yangu. Hedifoni zilikuwa bado zimening'inia pale.

Kabla sijazishika, tivii ikaganduka.

Kwanza ikatoka kelele ya uwanja. Halafu nikasikia mtu anasema kwa sauti kubwa, sauti ninayoifahamu vizuri: "Nimemwambia niko kazini. Wazee wa milimani hawana haraka."

Side aliruka kutafuta rimoti. Akaiona, akabonyeza, akaongeza sauti badala ya kupunguza. Ilikuwa imeshafika mwisho, kwa hiyo haikusaidia wala haikudhuru. Mdalasini ukapita. Ndiyo mjomba, ndiyo mjomba, ikapita. Kusinzia kukapita. Kikafuata kile kishindo changu cha kushangilia mabao. Mimi nimesimama mlangoni, maji yananitiririka, sijui nikae au nirudi zangu kwa kuku.

Halafu tivii ikasema kwa adabu kabisa, "Shikamoo mjomba. Samahani sana, ndiyo natoka kazini."

Mjomba akaigeukia tivii. "Marahaba," akaiitikia.

Side alitoka nje. Nilimsikia akicheka kwenye mvua.

Rehema hakucheka. Aliniuliza polepole, "Jumanne, ulikuwa chumbani muda wote?"

"Ndiyo."

"Na mimi nimeomba ruhusa shuleni, nimeacha wanafunzi wangu darasani, nikamfuate mjomba Msamvu."

Hapo ndipo nilipoumia. Tivii niliiogopa, lakini swali hili lilinichoma. Nikavua hedifoni, nikachuchumaa mbele ya mjomba, nikamwomba radhi. Sikutafuta sababu. Nilimwambia nilikuwa nacheza gemu, nikaona tabu kuliacha, nikadanganya. Rehema naye nikamwomba radhi pale pale mbele ya mjomba wake.

Mjomba akaigeukia tena tivii. Nilikuwa nimeshaanza kuiona posa yangu inarudi Gairo.

"Hii sauti," akasema mwishowe, "ilikuwa imekaa wapi muda wote huo?"

Nikamweleza kwamba mashine ya Side inaganda, mambo yanajikusanya, ikiachia yanatoka kwa mpigo. Nikamweleza na ubishi wetu wote, nyeusi na nyeupe, watu wengi na watu wachache. Alisikiliza kama anasikiliza kesi ya shamba. Side alirudi akiwa amejifuta uso, akatetea upande wake.

Rehema ndiye aliyeuliza, "Kwani ruta ya mtandao iko wapi?"

"Chumbani," nikasema. "Iko juu ya mashine yangu."

Side akanitazama. Akatazama korido yote ile na kuta zake. Akanitazama tena.

"Juu ya mashine yako," akasema.

Naapa sikupanga. Ndiko kwenye soketi. Lakini nani ataniamini leo?

Mjomba alikubali kula. Alikula vizuri na hakusinzia hata kidogo, alikuwa ananitazama tu. Wakati wa kuondoka nikambebea mwavuli mpaka barabarani. Pale ndipo alipomwambia Rehema, mimi nikiwa nimesimama hapo hapo:

"Huyu nimemwona. Kudanganya anajaribu, lakini hawezi. Atakalosema chumbani litafika sebuleni. Mwambie alete barua ya posa. Na aje nayo mwenyewe, asitume mtu kwamba yuko kazini."

Rehema alicheka kwa mara ya kwanza tangu aingie. Alicheka mpaka akashika mti.

Jumapili tunapima upya, ruta ikiwa kwenye korido na Rehema akiwa mwamuzi. Mpaka hapo sina la kusema kuhusu mashine ya mtu.

Nawaomba tu msicheke sana humu kundini. Side kamuunga mjomba tangu saa kumi, na mzee amesoma yote.