Kikohozi cha Bi Filomena

Siku Ruggiero Scardigno alipoingia Santoleo, kijiji kizima kilikuwa kimejikunyata kama kuku aliyenyeshewa. Februari ya kwetu Puglia, kusini mwa Italia, haina huruma. Nyumba zetu za mawe zilijengwa na mababu waliochukia joto, na baridi hawakuikumbuka hata kidogo. Kwa hiyo kiangazi tunalala kama wafalme, na siku za baridi tunavaa makoti kwenda chooni.

Ruggiero aliyajua hayo, na ndiyo yaliyomleta. Alikuwa na miaka arobaini na minane, sauti ya mtangazaji wa redio, na viatu ambavyo havijawahi kukutana na tope. Nyuma ya gari lake alijaza makopo ya rangi nyeupe ya kawaida, akayabandika karatasi mpya zilizosema rangi hiyo hupakwa kwenye vyombo vya angani ili visipoteze joto. Alijiita Injinia. Chuo alichosomea hakukitaja, na watu wenye adabu hawakumuuliza.

Mlango wa kwanza aliobisha ulikuwa wa Bi Filomena Loconsole, mjane wa miaka sabini na sita aliyekaa peke yake katika nyumba ya shamba nje kidogo ya kijiji. Alimfungulia akiwa amevaa sweta tatu na kofia ya marehemu mumewe.

Ruggiero akatoa kipimajoto cha bunduki, kile tulichokuwa tukielekezewa kwenye vipaji vya nyuso wakati wa korona, akakilenga ukutani. Akatikisa kichwa kwa majonzi.

"Mama, nyumba hii inavuja."

"Mvua haijanyesha wiki mbili, mwanangu."

"Haivuji maji. Inavuja joto."

"Joto lipi? Ningekuwa nalo, ndiyo lingevuja."

Ruggiero alikuwa anajiandaa kusifia rangi yake, mara kikohozi kikamkamata yule mama. Kilianza kama mtu anayepiga hodi, kikaishia kama mtu anayevunja mlango. Ruggiero akamshika mkono, akamketisha, akamletea maji. Alipokuwa jikoni akitafuta glasi ndipo alipotazama juu, akaiona dari ya mawe iliyopinda kama ya kanisa. Nje ya dirisha kulikuwa na ua mpana na mizeituni isiyo na idadi. Alikumbuka Wajerumani na Waholanzi wanaozunguka mikoa yetu wakitafuta nyumba za namna hiyo. Makopo yake akayasahau papo hapo.

"Una watoto, Mama?" aliuliza akirudi na maji.

"Mungu hakunijalia."

"Pole sana," alisema Ruggiero, na furaha ikamjaa hadi masikioni. "Na kifua hicho, daktari anasemaje?"

"Daktari Tiziana? Amesema nikikaa hivi, Krismasi ijayo sitaiona."

Ikumbukwe kwamba Ruggiero hakumuua mtu maishani mwake, wala hakuwahi kutamani. Alichofanya ni kuhesabu miezi tu.

Siku tatu baadaye alirudi na keki ya mlozi na pendekezo. Sheria yetu inamruhusu mzee kuuza nyumba yake huku akibaki na haki ya kukaa humo mpaka afe. Mnunuzi hulipa kidogo, kisha husubiri. Bi Filomena alikula kipande cha keki, akafikiri, akala cha pili.

"Pesa sitaki," alisema. "Nitazinunulia nini, sweta ya nne? Nitengenezee nyumba. Kuta, paa, madirisha, kila kitu, kabla baridi haijarudi. Nataka nikifa, nife nimepata joto."

"Mama, hayo ni machache mno kwako."

"Basi yaandike, nisije nikakuonea huruma nikaongeza."

Wakaenda kwa wakili wa hati, naye akawasomea kurasa kumi na nne kwa sauti, kama sheria inavyotaka. Katika ukurasa wa tisa ilisemwa kwamba matengenezo yote makubwa, leo na siku zote, ni juu ya mwenye nyumba, na anayekaa humo atashughulikia madogo. Wakati huo Ruggiero alikuwa anakitazama kitambaa ambacho Bi Filomena alizibia mdomo, akisikiliza jinsi anavyokohoa. Akaweka sahihi kwa mbwembwe.

Kosa lake la kwanza lilikuwa kudhani atapaka rangi yake ya angani na kuondoka. Bi Filomena alimleta Oronzo, fundi mwashi, mjane mwenzake, mtu ambaye akisema neno moja amehutubia. Oronzo aliichokonoa ile rangi kwa ukucha. Ikabanduka.

"Maziwa," alisema.

"Ni teknolojia mpya, fundi."

"Maziwa."

Ruggiero akaona aibu, jambo geni kwake, halafu akaona jambo baya zaidi. Nyumba ilikuwa yake. Kwa mara ya kwanza, kumwibia mteja kulikuwa ni kujiibia mwenyewe. Alimpigia dalali mmoja wa Bari, naye akamweleza kwamba wageni siku hizi hawaanzi na mandhari, wanauliza nyumba ina daraja gani la kutunza joto, kutoka G hadi A. Ya Bi Filomena ilikuwa G kwa sababu hakuna herufi ya chini zaidi. Ya daraja A ingeuzwa kwa bei mara tatu.

Basi akatoa akiba ya miaka kumi na mitano ya uongo wa nguvu. Wakakwangua kuta mpaka kwenye jiwe, kuvu ikatoka vipande vyeusi kama makapi ya kahawa. Oronzo akapiga plasta ya chokaa iliyochanganywa na chenga za gome lile linalotengenezewa vizibo vya mvinyo, ili ukuta upumue na usipitishe baridi. Wakafukua mtaro kuzunguka msingi, maji yasipande. Wakafumua vigae vya paa, wakatandika mablanketi mazito ya nyuzi za mbao, wakavirudisha kimoja kimoja. Madirisha yakawekwa vioo viwili viwili. Juu ya banda zikapangwa sola, na nyuma ya jiko ikafungwa mashine inayopuliza joto Januari na ubaridi Agosti. Mafundi wengine walipochelewa, Ruggiero alibeba mawe mwenyewe. Vile viatu vilikufa mwezi wa Mei.

"Injinia, kula," Bi Filomena alimwita kila mchana, na kumwekea bakuli la tambi na majani machungu ya tanipu.

"Wewe kula kwanza, Mama. Unajisikiaje leo?"

"Nashukuru. Nimelala vizuri."

Ruggiero alimwona akinawiri na akajifariji kwamba mshumaa huwaka sana ukikaribia kuzimika.

Cheti kikatoka Oktoba: daraja A. Novemba baridi ikarudi, na Santoleo ikajikunyata tena. Ruggiero alikodi chumba juu ya duka la mikate ili awe karibu wakati wa msiba. Alikuwa na suti nyeusi tayari. Kila asubuhi alipita kwa Bi Filomena kumjulia hali, na kila asubuhi alimkuta na kitu kipya. Siku moja alikuwa juu ya ngazi anapogoa mzeituni. Siku nyingine alikuwa anamfundisha Oronzo kucheza ngoma ya matari, amevaa blauzi ya mikono mifupi.

Krismasi akaalikwa chakula cha mchana. Alikuwapo Oronzo, alikuwapo Daktari Tiziana, na mezani kulikuwa na samaki, mkunga wa kuchoma. Ruggiero alisubiri kikohozi. Kikaja cha Oronzo, mwiba ulimkwama.

"Daktari," Ruggiero alisema mwishowe, "samahani kwa kuuliza. Ulisema mama hataiona Krismasi."

"Nilisema akikaa hivi," alijibu Daktari Tiziana, akichambua mkunga wake. "Kifua chake hakikuwa na ugonjwa. Nyumba ndiyo iliyokuwa inaumwa. Unyevu, kuvu, baridi. Miaka sita nilimwambia atengeneze au ahame. Sasa mapafu yake ni ya msichana."

Ruggiero akamgeukia Bi Filomena. "Mama, ulijua?"

"Nilikwambia neno kwa neno, mwanangu. Ulikuwa na haraka ya kusema pole."

"Na mama yako mzazi," aliuliza kwa sauti ndogo, "alifariki akiwa na miaka mingapi?"

"Mia na miwili. Lakini alianguka kwenye ngazi, maskini. Ongeza mkunga."

Januari alijaribu kuuza nyumba pamoja na mkaaji wake. Wateja wawili walikuja, wakampenda Bi Filomena, wakamtazama akipasua kuni, wakaenda zao. Mwezi wa Machi upepo ulivunja sola mbili, na ukurasa wa tisa ukasomwa tena, safari hii polepole. Akapanda juu ya banda kuzirekebisha, hana pa kukimbilia.

Alipokuwa huko juu alisikia watu uani. Walikuwa wanakijiji wanane, wamevaa makoti, wamekuja kujionea joto la Bi Filomena. Waligusa kuta kwa viganja. Mmoja, Bi Crocifissa wa posta, alitazama juu.

"Injinia, na kwangu utakuja lini?"

Ruggiero alishuka taratibu. Alikuwa amechoka, hana akiba, na labda ndiyo maana yalimtoka.

"Sikilizeni. Mimi si injinia. Sijasoma popote. Ile rangi niliyokuja nayo ilikuwa ya kuwaibia."

Watu walitazamana. Oronzo, aliyekuwa amemshikia ngazi, alikohoa kidogo, akawa kama anayejiandaa kusema, akaghairi.

"Mnyenyekevu kweli," alisema Bi Crocifissa, akamshikisha funguo za nyumba yake. "Anza na jikoni."