Ekari Mbili Kabla ya Jumamosi

Jumatatu, 4 Novemba

Leo nimekuwa meneja wa shamba. Rasmi! Baba amenipigia simu kutoka Mkolani na kusema maneno niliyoyasubiri tangu nimalize chuo, ingawa aliyasema kwa sauti ya mtu anayempa mlevi baiskeli yake.

Sharti ni moja. Ekari mbili za hapa Misungwi, nyumbani kwa bibi, ziwe zimelimwa na kupandwa mahindi kabla hajafika Jumamosi. Mvua zimeshaanza. Nikishindwa, shamba anapewa Nestory, mtoto wa shangazi, ambaye lake limepakana na letu na ambaye ameliomba mara tatu. Nestory hana cheti cha kilimo biashara. Nestory anapanda mahindi kwa kutazama mawingu!

Miaka mitatu niko nyumbani na shahada yangu. Watu wananiuliza "bado?" kwa upole. Upole ndio unaoumiza. Shamba hili siliachii.

Jioni nimeitisha kikao cha menejimenti. Wajumbe: mimi na bibi. Nikamsomea mpango kazi. Ukurasa wa nne aliomba aende kugeuza maharage, nami niendelee kusoma kwa sauti ya juu kidogo.

Jumanne, 5 Novemba

Nimekutana na mzee Maige, kiongozi wa kikundi cha kulima. Watu arobaini. Wanalima kwa ngoma, mwenye shamba anawalisha. Ndivyo ilivyo tangu bibi akiwa msichana.

Nikamwamkia, akaitikia marahaba vizuri tu. Kisha nikamuuliza kikundi kinalima mita ngapi za mraba kwa saa. Akasema inategemea ngoma. Nikauliza kama ngoma ni lazima, maana inawashughulisha wanaume wawili wenye nguvu ambao wangeweza kushika jembe.

Akamgeukia bibi na kumuuliza kwa Kisukuma mimi ni mtoto wa nani. Bibi alichelewa kujibu.

Lakini hoja imepita. Kesho wanakuja bila ngoma.

Jumatano, 6 Novemba

Wamekuja bila ngoma. Wamelima kama watu wanaochimba kaburi la mtu wasiyemjua. Mpaka saa sita: robo ekari. Mmoja alisimama akitazama mpini wa jembe lake muda mrefu, kama anausoma. Nikatoa hotuba fupi kuhusu tija. Wakaweka majembe chini ili wanisikilize vizuri. Wakapiga makofi. Wakakaa.

Nestory akapita na baiskeli, akapunguza mwendo, akavua kofia.

"Poleni na msiba!"

Watu wakacheka kwa mara ya kwanza siku nzima. Hata bibi. Nimeandika jina lake kwenye daftari, chini ya kichwa "Vihatarishi".

Alhamisi, 7 Novemba

Leo kikundi kiko kwenye shamba la mtu mwingine. Ngoma inasikika mpaka hapa. Nimejikuta naosha vyombo haraka haraka.

Nimefikiri. Kiongozi bora hurekebisha mpango. Kama ngoma moja inaongeza kasi, je, ngoma mbili zikishindana? Makundi mawili! Kwa kawaida wangeanzia pembeni na kukutana katikati, lakini wakikutana watagombana. Kwa hiyo waanzie katikati, wapeane migongo, hili lielekee mashariki, lile magharibi. Washindi watakula mbuzi. Wengine maharage.

Bibi akasema basi kila mwisho wa shamba asimame mtu wa nyumbani, walimaji waone pa kuishia. Nikamweleza kwamba huko ni kupoteza nguvu kazi. Kila mpiga ngoma nitampa ramani, ya rangi.

Mzee Maige alipopita jioni aliniuliza mara mbili kama nina hakika. "Mori ukishapanda, mwalimu, hatuoni mpaka."

"Meneja," nikamsahihisha. Nikaandika: ari ya kikundi, juu sana.

Ijumaa, 8 Novemba

Siwezi kuandika. Naandika.

Ngoma zilianza saa kumi na mbili asubuhi. Majembe yakapanda pamoja, yakashuka pamoja, yakarushwa juu na kudakwa. Nilisimama katikati na saa mkononi, nikasahau kuitazama. Kitu kilikuwa kinaruka kifuani mwangu. Nilidhani ni uongozi.

Saa tano shamba lilikwisha. Wao hawakwisha.

Kundi la mashariki likaingia kwa Nestory bila kupunguza mwendo. La magharibi likaingia kwenye matuta ya viazi ya bibi. Nikapuliza filimbi. Mpiga ngoma akadhani ni sehemu ya wimbo, akaijibu. Kadiri nilivyopuliza ndivyo walivyolima. Baadaye waliniambia ilikuwa filimbi nzuri sana.

Bibi ndiye aliyewasimamisha. Alitoka jikoni na mwiko, akaenda akasimama mbele ya majembe. Basi. Ngoma ikakatika.

Nestory alikuta shamba lake limelimwa mpaka kwenye kichuguu. Akanishika mkono kwa mikono yake miwili.

"Wabeja, meneja!" akanishukuru kwa Kisukuma. "Mwakani usinisahau."

Kisha akafanya jambo baya zaidi. Kwa kuwa aliyelimiwa lazima alishe watu, akachinja mbuzi wake. Mkubwa kuliko wangu. Wangu bado alikuwa anabishaniwa, kila kundi likidai limeshinda. Wote arobaini wakahamia kwa Nestory. Hata bibi alikwenda kusaidia kugawa nyama. Mbegu zangu ziko kwenye gunia. Hakuna shimo hata moja. Baba anafika kesho saa nne.

Jioni nilimkuta bibi kwenye matuta, anaokota viazi. Vingine vidogo kama kidole gumba. Nikapiga magoti, nikaokota naye. Nililia. Hakunitazama, nadhani kwa heshima.

"Vitachemshwa, mama," akasema. "Kuna kingine hapo nyuma yako."

Jumamosi, 9 Novemba

Kulipopambazuka nilianza kupanda peke yangu. Kamba, shimo, mbegu. Mpaka saa moja nilikuwa na mistari mitatu, miwili imenyooka.

Nikasikia watu. Mzee Maige mbele, wengine nyuma yake. Sikuwaita! Bibi ndiye aliyewaita, jana, huku akigawa nyama kwa Nestory. Aliwaambia viazi walivyovitifua vitakuwa vimeiva asubuhi, waje wavile. Na hakuna Msukuma atakayekuja kula kiazi pembeni ya shamba lisilopandwa huku mikono imekaa bure.

Nestory alikuja pia, na jembe begani, anatafuna. Nikamtazama. Akasema hawezi kulimiwa na yeye asimpandie mtu. Sauti yake haikuwa ya utani. Sikuwa na kichwa cha kuandika hilo chini yake.

Walijipanga wenyewe. Hakuna aliyeniuliza. Mimi nilipewa kufukia mashimo, nyuma ya bibi, ambaye alinirudisha mara nne.

Saa nne baba alifika. Mistari ya mwisho ilikuwa inafukiwa. Akatazama kushoto, akatazama kulia, akauliza nani ameipanga kazi hii vizuri namna hii. Mzee Maige akakohoa. Bibi akamenya kiazi.

"Meneja," akasema Nestory.

Baba akanikabidhi shamba kwa msimu mzima, mbele ya watu wote. Nilitaka kusema kitu. Midomo ilikuwa na udongo.

Jumapili, 10 Novemba

Baada ya ibada nimetafakari kwa kina. Kwa nini tulifanikiwa? Jibu liko wazi: uongozi wangu. Hata mshindani wangu amekiri, tena mbele ya mashahidi.

Nilimwendea mzee Maige kuzungumzia palizi. Akasema magugu hayajaota. Nikamwambia hayo ndiyo mawazo ya kusubiri matatizo. Akaniuliza bibi hajambo.

Mchana nimewachunguza kuku wa bibi. Wako kumi na tatu, na hakuna anayetaga mahali pamoja siku mbili mfululizo. Mmoja anatagia kwenye kikapu cha kanisani! Bibi ameniomba niwaache. Namwelewa. Watu wa zamani huogopa mabadiliko.

Kesho, kabla hajaamka, nawahamishia wote kwenye banda la mbuzi, watage kwa zamu. Jogoo nimeshamteua msimamizi.